Jiwe la Bibi na Nyundo ya Msomi

Chuoni walitufundisha kwamba uso wa jiwe ni mwongo. Jua, mvua, moshi na mavi ya ng'ombe vinaubadili, kwa hiyo ukitaka kujua jiwe ni la aina gani, livunje uangalie ndani. Ni ushauri mzuri. Tatizo ni kwamba mwalimu aliyeutoa hakuwahi kukaa na bibi yangu.

Nilikuwa nimerudi Nyamwaga na shahada ya jiolojia ambayo hakuna mtu aliyeihitaji. Bibi alikuwa ameenda kanisani. Jiwe lake la kusagia lilikuwa mahali pake, kando ya mlango wa jiko, bapa, limebonyea katikati kama tandiko la baiskeli, jeusi kwa unga na mafuta ya mikono ya miaka mingi. Nilijiuliza: hili ni granaiti au basalti? Swali la kijinga, kwa sababu lilikuwa linasaga wimbi, yaani ulezi, vizuri bila kujua jina lake. Lakini mimi swali likiniingia halitoki. Nikachukua nyundo yangu ya kijiolojia, ambayo tangu nihitimu ilikuwa inapigilia misumari ya banda la kuku, nikagonga pembeni, kidogo tu.

Likapasuka katikati.

Ndani lilikuwa granaiti. Chembe za kwatzi zinang'aa kama kioo cha chupa ya soda, feldspa ya pinki, maika zinameremeta. Kwa sekunde mbili nilifurahi.

Sasa lazima nieleze kwa nini halikuwa jambo la kununua lingine tu. Shangazi yangu anaishi Mugumu, anafanya kazi ya ofisi, ana nyumba yenye maji ndani, na kwa mwaka mzima alikuwa anataka kumchukua Bibi akaishi naye. Bibi hakutaka. Mashine ya kusaga ilikuwa umbali mfupi tu pale senta, ila alidai unga wake unanuka dizeli na mahindi ya watu wengine. Mabishano yalipomchosha alimwambia shangazi, mbele yetu sote: siku nitakayoshindwa kusaga unga wangu mwenyewe, njoo unichukue, sitasema kitu. Shangazi ni mtu wa mafaili. Aliliweka neno hilo moyoni kama mkataba uliogongwa muhuri.

Bibi aliporudi kanisani alivitazama vile vipande viwili, kisha akaitazama nyundo.

"Mura," aliniambia, kama Wakurya wanavyomwita kijana, "ulikuwa unatafuta nini humo ndani?"

Nikamweleza habari za uso wa jiwe. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nikitaka kumjua yeye vizuri nitampiga nyundo pia. Kisha akaingia ndani kubadili nguo.

Jioni shangazi alipiga simu, akasikia kwamba jiwe limevunjika. Hakuuliza limevunjikaje. Alijijibu mwenyewe: mama mikono imeisha nguvu, ameliangusha. Akasema anakuja Jumamosi na gari. Bibi hakumsahihisha. Mimi nilikuwa nimesimama karibu kabisa na simu, nikanyamaza, nikijipa moyo kwamba nikileta jiwe jipya kabla ya Jumamosi hakutakuwa na haja ya kukiri chochote. Elimu inamfundisha mtu kupanga hoja hata za woga wake.

Na hoja nilikuwa nazo. Nilimwambia Bibi kwamba kwa kweli nimemwokoa. Granaiti ilipoa polepole chini ya ardhi, kwa hiyo chembe zake zilipata nafasi ya kunenepa, na kila ukisaga, chembe moja moja hung'oka na kuingia kwenye unga. Kwatzi ni ngumu kuliko jino. "Meno yako yameliwa na lile jiwe," nilimwambia. Basalti, kwa upande mwingine, ilimwagika juu ikapoa haraka, chembe zake ni ndogo hata hazionekani kwa macho, zimeshikana, ni nzito, haimwagi mchanga. Bibi alisema meno yake mawili ya mbele aling'olewa na babu yangu, marehemu, na kwamba kama babu alikuwa granaiti basi nimefanya utafiti mzuri.

Aliyenisaidia ni mpangaji wetu, Msukuma aliyekuja huku kufuata dhahabu na bado hajaipata ya kutosha nauli ya kurudi. Yeye hajui majina ya mawe. Anayagawa kwa makundi mawili: yanayokubali na yanayokataa. Jumatatu tulipanda mlimani, tukapata bamba la jiwe jeusi, zito, la duara, na mwenye bodaboda akatutoza nauli ya mtu mzima kwa ajili yake. Mpangaji alilipiga kwa tindo lake, lile wachimbaji wanaloliita moko, mpaka jioni. Moko lilikuwa linaruka kama limekanyaga kaa la moto. Alisema hili ni la kundi la pili. Nikamwambia huo ugumu ndio tunaoutaka.

Jumanne Bibi alipiga magoti akasaga. Unga ukatoka mweusi mweusi wa wimbi, laini, hauna hata punje ya mchanga. Niliutafuna mbele yake kwa majivuno. Jumatano wimbi likaanza kuteleza. Alhamisi asubuhi jiwe lilikuwa limelainika kama upara wa diwani. Bibi alikuwa anasukuma, punje zinakimbia mbele ya mkono wake bila kupasuka, zinadondokea kwenye ngozi ya ng'ombe zikiwa nzima, zinaweza kupandwa.

Nilielewa nikiwa nimechelewa. Jiwe ambalo chembe zake zote ni ndogo na ugumu wake unakaribiana, linalika sawasawa kila mahali, na kitu kinacholika sawasawa kinaishia kuwa kioo. Granaiti ina chembe laini na chembe ngumu pamoja. Laini zinaisha kwanza, ngumu zinabaki zimejitokeza, na hapo ndipo ukali unapotoka. Kile nilichokiita kasoro ndicho kilichokuwa kinasaga. Haya yote yamo kwenye madaftari yangu. Nilipata alama nzuri katika somo hilo. Hakuna mtihani ulioniuliza kuhusu ugali.

Nilimweleza Bibi, kwa sababu siwezi kunyamaza. Akasema alijua tangu Jumatatu alipoligusa, ila alitaka kuona msomi anafika wapi.

"Siku tatu, Bibi? Na Jumamosi inakuja?"

"Ungenisikiliza Jumatatu?"

Ila nisidanganye kwamba Bibi ni mwalimu wa jiolojia. Mchana ule ule alinihakikishia kwamba mawe hukua, kwamba lile jabali la shambani lilikuwa dogo alipoolewa. Nilimweleza kwamba udongo unaolizunguka umeondolewa na mvua, ndiyo maana linaonekana kubwa. Akasema haya, mvua imelikuza. Hatukufika popote.

Lile jabali ni granaiti, ndugu wa yale majabali ya Serengeti ambayo simba hukaa juu yake wakipigwa picha na watalii. Jua huibandua granaiti maganda mapana, kama kitunguu. Bibi alipita juu ya maganda hayo akiyapapasa kwa kiganja, moja baada ya jingine, akakataa matano, akachagua la sita. Mpangaji akaliondoa kwa mtaimbo, akalipiga moko likatii. Alifurahi kama amepata dhahabu. Kwa kuwa jiwe dogo la mkononi nalo lilikuwa limechoka, Bibi aliamuru livunjwe lile jiwe langu la basalti, kipande kimoja kichongwe kiwe jiwe la mkononi. La chini liwe kali, la juu liwe zito na lisimwage mchanga. Nilitaka kusema kwamba hilo ni wazo zuri kisayansi, nikaona nikae kimya.

Alisaga Ijumaa nzima, akatupa unga wa mikupuo mitatu ya kwanza kwa sababu ya vumbi la jiwe. Mapumziko yalikuwa mengi. Nilihesabu, nikaacha kuhesabu.

Shangazi alifika Jumamosi na begi jipya la magurudumu, lebo bado inaning'inia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia macho yakiwa jikoni. Bibi alikuwa amepiga magoti, anasaga. Shangazi alisimama akamwangalia mpaka kikapu kidogo kikajaa. Akauchota unga kwa vidole viwili. Ulikuwa mzuri, hakuweza kusema haukuwa mzuri. Lakini mikono ya Bibi ilikuwa inatetemeka, na shangazi haoni unga peke yake.

"Mama, ukianguka hapa peke yako?"

"Kwani huko Mugumu watu huangukia juu?"

"Lile jiwe uliliangusha. Kesho utaangusha sufuria ya moto. Mimi nilale vipi?"

Bibi aliendelea kusaga. Hakunitazama. Angenitazama ningepata kisingizio cha kukasirika. Nikasema mimi ndiye niliyelivunja, kwa nyundo, ili nione ndani. Shangazi aligeuka taratibu.

"Ili uone nini?"

"Kama ni granaiti."

"Na ilikuwa granaiti?"

"Ndiyo, shangazi."

Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa kifudifudi, akacheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kitenge, na kicheko kilipoisha alikuwa na hasira kweli, nami nilistahili kila neno. Aliniuliza nilikuwa wapi siku ile aliposema kwenye simu kwamba mikono ya mama yake imeisha nguvu. Nikasema pale pale karibu na simu.

Walizungumza wawili, Kikurya, haraka, mimi nikiwa nimefukuzwa uani. Matokeo niliyatangaziwa: Bibi anabaki, shangazi atakuja kila mwisho wa mwezi kuangalia, na mimi, ambaye nilikuwa nimepanga kwenda Mwanza kutafuta kazi Jumatatu, siendi popote mpaka wimbi livunwe. Jiwe likiisha makali nitaligonga mimi. Nilitaka kuuliza nani aliyepitisha uamuzi huo. Nikatazama ile mikono, ambayo bado ilikuwa inatetemeka juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza swali likabaki kinywani.

Gari lilipoondoka, begi likiwa tupu kwenye kiti cha nyuma, Bibi hakutoka kupunga mkono. Alinituma nikimbie nikamwambie mwanawe kwamba mwezi ujao aje na wimbi lake, hapa hatulishi wakaguzi.