Bustani ya Kuku Ukweni

Kiwanda cha korosho kilipofungwa na sisi vibarua wa Masasi tukaambiwa twende tukajitegemee, nilimfuata mke wangu kwao Newala. Kwa watu wa kule, mwanamume kuhamia ukweni si ajabu. Ajabu ilikuwa mimi kufika na tenga la kuku kumi na wawili, bila hata jembe.

Asubuhi za kule nazikumbuka kama ndoto ya mtu mwenye homa kidogo. Ukungu ulipanda kutoka bondeni ukaingia uani, ukafunika mikorosho, ukafunika nyumba, hata miguu yangu sikuiona, na ndani ya weupe ule nilisikia kuku tu wakidonoa. Niliwalimia bustani yao nyuma ya banda. Nilipanda mchicha na kunde, pilipili kichaa, mshubiri wa kukamulia kwenye maji yao ya kunywa, na kivumbasi cha kutandika kwenye viota ili utitiri usisogee. Zamani bwana mifugo alikuwa akipita na sindano, bure. Kufikia wakati huo dawa ilikuwa imehamia dukani, nami pesa ya dukani sikuwa nayo. Hata hivyo nilikuwa na furaha, furaha ya kijinga, nakiri. Nilijiona mwanamume mwenye mji wake.

Mama mkwe hakusema nami. Kwao mkwe wa kiume hasemeshwi wala hatazamwi usoni. Shikamoo yangu ilipitia kwa mke wangu, na marahaba ikarudi kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo siku aliponikuta namwagilia mchicha kwa maji ya kisima cha uani, aligeukia banda.

"Nyie kuku," alisema, "mna bahati nyie! Maji tuliyokinga kwenye bati tangu masika, sisi twanywa kwa kupimiana, nyie mwaogeshewa mboga. Huko mlikotoka mito yapita uvunguni?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kwetu Chiungutwa, upande wa Masasi, ukitaka maji unakwenda kuchota, basi. Sikujua kwamba kisima kile ni tangi la mvua, na kwamba likikauka mnateremka bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Tangu siku ile mchicha ulipata maji yaliyosuuziwa vyombo, na kila alfajiri nilishuka bondeni kabla ya mwanamke yeyote. Watu walicheka. Wacheke! Ukweni mwanamume asiyefaa hurudishwa kwao, na mimi sikutaka kurudishwa, maana mke wangu nilimpenda kupita kiasi.

Mama mkwe aliendelea kuzungumza na kuku. "Mwambieni mwenyewe pilipili zimeiva." Siku nyingine, "Mwambieni kunde hazitaki kivuli." Nami niliwajibu kuku haohao, "Mwambieni mama nimesikia." Miezi ikapita hivyo, polepole, nisijue kama nimekubaliwa au navumiliwa tu.

Kisha, korosho zilipoanza kuanguka, kideri, tauni ya kuku, kikaingia bandani. Nilikamua mshubiri, nikatwanga pilipili, nikawafumbua midomo mmoja mmoja na kuwanywesha. Siku nne tu walisinzia, shingo zikapinda, wakaisha wote. Nililia, mtu mzima mimi, nimepiga magoti kwenye mchicha.

Sikuja na kingine pale zaidi ya kuku. Asubuhi iliyofuata, ukungu ungali uani, nilitia nguo zangu kwenye mfuko mtupu wa salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho. Afadhali niondoke mwenyewe kuliko kurudishwa. Mke wangu alikaa kizingitini, machozi yanamtoka.

Mama mkwe alikuwa amesimama kando ya banda. Alichungulia ndani kwa muda mrefu. Hakukuwa na wa kumtuma neno.

Akageuka, akanitazama usoni.

"Baba," alisema, "mfuko huo waupeleka wapi?"

Niliutua chini.

"Rudisha ndani. Mchicha huu tutaula wenyewe."