Chuo Kilichohamia Vijijini

Siku yangu ya kwanza kama mkuu wa chuo, kabla sijakabidhiwa hata mhuri, niliamuru migomba ikatwe. Ilikuwa imezunguka madarasa ya chuo chetu cha ualimu, jirani na Kasulo. Mimi, binti wa kijiji cha Kaniha niliyependa mambo yanyooke, nilitaka uwanja wa gwaride na maua.

Mpishi mkuu, Mama Skola, alinivuta pembeni. "Mama, hii waliipanda wazazi wa kijiji ili wanafunzi wale."

Nikamjibu kwamba chakula kinaletwa na serikali. Cheo kilikuwa kimenilevya, na migomba ikakatwa yote.

Kisha vikaja vita vya Kagera. Malori yakaenda vitani, na wakufunzi wawili, yaani walimu wanaofundisha walimu, wakavaa magwanda. Walirudi wazima, namshukuru Mungu. Shehena za chakula hazikurudi. Vita viliisha, lakini unga, sabuni na sukari vikazidi kuadimika. Chaki moja tuliikata vipande vitatu. Andalio la somo, ule mpango ambao mwalimu huuandika kabla ya kuingia darasani, tuliliandika nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani.

Siku moja Afisa Elimu wa Mkoa alifungua ghala letu, akakuta gunia moja la maharage.

"Ndugu Mkuu wa Chuo, wiki ijayo wanafunzi warudi makwao. Nitaleta barua ya kufunga chuo."

"Mwaka wa mwisho hawajafanya mazoezi ya kufundisha, ndugu. Bila hayo si walimu."

"Utawalisha nini?"

Alipoondoka nilijifungia ofisini nikalia.

Kesho yake nilikwenda kwa miguu kwa Mzee Venanti, aliyewaongoza wenzake kupanda ile migomba. Nilipiga hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kukata na yangu?"

Nyumba nzima ilicheka, na nilistahili. Nikapiga magoti, nikaomba radhi, kisha nikaomba chakula. Mzee akaniinua.

"Chakula hatukuletei. Lete hao watoto. Kila nyumba itachukua mmoja, ale tunachokula. Mchana afundishe shuleni, jioni atusomeshe sisi."

Afisa aliporudi na barua yake alikuta mabweni matupu, akafurahi kwamba nimetii. Nikampeleka kwa Mzee Venanti. Mwanafunzi wetu alikuwa amesimama uani akifundisha, na mzee ameinama, anaandika jina lake mchangani kwa kijiti.

"Nani kaidhinisha haya?" afisa akauliza.

"Mimi," akajibu mzee bila kuinua kichwa. "Na sijafika nusu ya jina langu, kwa hiyo usinifungie chuo."

Afisa alicheka, akairudisha barua mkobani.

Nilistaafu nikiwa mkuu wa chuo kile kile, na sasa naishi Biharamulo mjini. Wakuu wa vyuo vijana hunitembelea kuniuliza siri ya uongozi, madaftari yao wazi, wakitarajia kanuni. Nawaambia kwamba katika miaka yangu yote sikufanya kazi ngumu kuliko kupiga hodi kwa mtu niliyemkosea. Wengi hawaandiki kitu.