Jumanne za Taprandich

Asubuhi moja ya ukungu haijanitoka kichwani, mwanangu, na mpaka leo simu ikilia Jumanne nashtuka.

Nilikuwa kijana mjuaji, karani wa kompyuta kwenye zahanati ndogo huku Kimulot. Nilipata programu ya bure ya kuwatumia wagonjwa ujumbe wa siku ya kliniki, kila Jumanne. Msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, ulikuwa wazi mtandaoni: yeyote angeusoma, angeuchukua, angefuata kila rekebisho. Nikaenda Bomet penye mtandao mzuri, nikapakua nakala moja, nikaitia kwenye flashi. Sikurudi kutazama ulikotoka. Programu ilifanya kazi, ningetaka nini zaidi?

Asubuhi hiyo ya ukungu, siku ya Jumanne, Mzee Kiprono alikuja amebeba sweta ya mkewe. Mkewe huyo, Taprandich, tulikuwa tumemzika, na kwenye kompyuta nilikuwa nimeandika mwenyewe kwamba amefariki.

"Kila Jumanne mnaita jina yake kwa simu," akasema. "Ni mtoto gani amezaliwa?"

Unajua kwetu jina la marehemu huitwa mtoto akizaliwa, mpaka apige chafya, ishara kwamba marehemu huyo amerudi ndani yake. Nikamwambia hakuna mtoto.

"Basi mnamuita yeye mwenyewe. Kuna baridi, nimemletea sweta. Nitangoja."

Akakaa kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja kando yake, macho kwenye njia ya majani chai. Wagonjwa wakajaa, wengine wakasimama, lakini hakuna aliyekaa pale. Hata mimi niliogopa.

Nikapanda kilimani kutafuta mtandao, nikafungua ukurasa wa mradi. Kwenye orodha ya marekebisho, mtu wa nchi ya mbali alikuwa ameandika rekebisho, kabla hata hatujamzika Taprandich, ili programu isiwaite tena waliofariki. Nililia kwa aibu. Nikachukua rekebisho hilo, ujumbe ukakoma.

Jumanne iliyofuata mzee alikuja tena na sweta.

"Leo hamjamuita," akaniambia. "Amekosa nini?"

Kwa hivyo, mwanangu, ukichukua kazi ya watu iliyo wazi, usiibebe kama kitu ulichookota njiani. Ichukue ikiwa bado imeungwa na ilikotoka, jiandikishe upate taarifa zake, na usome marekebisho kabla hayajakufikia kwa mdomo wa mtu aliyefiwa.

Mungu akuzeeshe vizuri. Na ukiondoka duniani, jina lako liitwe nyumbani tu, na kina mama wanaongoja mtoto apige chafya.