Mkono Kwenye Daraja la Ludara

Mke mwenzangu alikuwa na daraja. Mimi nilikuwa na mihogo.

Daraja lenyewe lilikuwa la mawe, la enzi za Waingereza, juu ya kijito kilichotenganisha nyumba yetu ya Ludara na barabara ya Koboko. Ukutani mwake, kwenye chokaa, palikuwa na alama ya mkono wa mtu. Mwenzangu, Mnubi wa Koboko mjini, alisema ni mkono wa babu yake, askari aliyelijenga. Mume wetu alimeza yote. Kila mgeni kutoka Arua alipelekwa pale, mwenzangu akitangulia na gauni lake la maua, mimi nikibaki jikoni kusonga ugali. Miaka ile ya sabini sukari ilikuwa adimu, lakini ya wageni wa daraja haikukosekana. Wivu ulinikaba hadi nikawa navuka majini, nalowa magotini, mradi nisikanyage daraja lake.

Nikajifungua mtoto wa kiume, wa kwanza. Mume akasema atapewa jina la yule askari. Babu wa mwenzangu! Nimnyonyeshe mwanangu huku namwita kwa jina la watu wake?

Nikamwita nyanya yangu kutoka Dranya, maana wanawake wa rika lake ndio waliobeba mawe yale kichwani. Siku ya kumpa mtoto jina, mume akampeleka nyanya darajani kumwonyesha ule mkono, nasi tukafuata. Nyanya akacheka hadi akakaa chini.

"Hii mukono? Iko yangu! Jiwe ilinishinda, nikaanguka, nikashika chokaa iko bado mubichi. Askari ya hii daraja akanipiga kiboko, alisema naharibu kazi ya serikali."

Mume akainamisha kichwa. Habari ya jina ikaishia pale. Nilifurahi, sifichi, nikamtazama mwenzangu nione atalia vipi.

Hakulia. Alipiga magoti, akaushika mkono wa nyanya. "Nyanya, samehe babu yangu."

Akamchemshia maji ya kuoga, akamkorogea chai ya sukari tele. Nyanya alikaa kwetu hadi mavuno, na alilala nyumba ya mwenzangu. Alipoondoka aliniambia, "Mwenzako iko mutoto muzuri. Wewe, macho yako iko kali."

Mwaka uliofuata mwenzangu alizaa msichana. Akampa jina la nyanya yangu. Jina hilo nilikuwa nimemwekea binti yangu, siku nitakapojaliwa kumzaa.