Malaika wa Bibi Nakiete

Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea, wa kutegemewa, eti! Juzi nilipanda mlimani, kijijini Shighatini, kumwangalia Bibi Nakiete, aliyekuwa akiugua homa ya mapafu. Ukungu ulikuwa umejaa hadi mlangoni. Nikampa dawa zake, nikaketi kitandani kusikiliza anavyopumua. Pumzi zile zikanibembeleza.

Nikaota naelea juu ya migomba, malaika wakiniimbia. Nikajua nimekufa, nikaanza kujililia.

“Ee Bwana, mponye mgonjwa huyu,” malaika mmoja akaomba.

Nikafumbua macho. Kina mama wa kanisani walikuwa wamenizunguka, wamebeba chupa ya uji. Nimelala chali, nimefunikwa blanketi la Bibi. Mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, ananipepea.

“Shikamoo, Bibi,” nikanong'ona.

“Marahaba, mjukuu wangu. Unajisikiaje sasa?”