Ufunguo wa Kisima

Juzi redio ya dukani hapa Kitengela ilisema wanajeshi wamenyakua mamlaka nchi fulani, nikakumbuka alasiri tuliyomzika baba nikiwa msichana mdogo, mwenyekiti wa kisima chetu cha kijiji kule Matasia. Nyumba ilinuka moshi na githeri, mahindi na maharagwe ya waombolezaji. Anko, ndugu yake, aliketi kwenye kiti cha baba akaniambia kwa upole, "Mami, niletee ufunguo wa kisima." Nilikimbia, nikifurahi kwamba tumepata mtu wa kutuangalia.

"Amenyakua," mama alisema jikoni. Sikuelewa. Mwewe ndiye hunyakua, na hapa hakuna kuku aliyelia.

Uchaguzi wa mwenyekiti wa kisima haukuitishwa tena. Mama alizeeka akipanga foleni pale kisimani na mitungi. Sasa mtoto wa anko ndiye mwenyekiti.

Ufunguo nilimpa kwa mikono miwili, vile mama alinifundisha kuwapa wakubwa.