Mikono Iliyo Kwenye Picha ya Baba

Mwalimu wetu wa upigaji picha pale chuoni Kitale alikuwa na zoezi moja nililolichukia tangu siku ya kwanza. Kila wiki alituwekea picha moja ukutani kwa projekta, akatuachia dakika kumi tuandike tulichohisi, kisha ndipo atueleze ilivyopigwa. Hisia kwanza, ufundi baadaye. Alisema tukianza na ufundi tutazeeka tukiwa watu wa kubonyeza vifungo tu.

Mimi hisia ninazo tele, wala sioni haya kusema. Wiki ya pili alituonyesha wanawake wakipepeta mahindi asubuhi mapema, vumbi limewazunguka, mwanga umepenya katikati ya lile vumbi, na mmoja wao amefumba macho. Nilijaza ukurasa mzima huku nikijifuta machozi, maana nilikuwa nimemwona mama. Mwalimu alipoanza kueleza, akasema mpiga picha alisimama akiwa amelielekea jua, ndiyo sababu vumbi liling'aa. Tena lile halikuwa vumbi. Ulikuwa unga, umerushwa na msaidizi aliyejificha nyuma ya magunia. Darasa zima likacheka. Mimi nikabaki sijui nimelia nini. Nikamuuliza mwalimu kama machozi yangu bado yanahesabika, akanijibu kwamba hilo ni swali zuri. Walimu husema hivyo wakiwa hawana jibu.

Iliendelea hivyo muhula mzima. Mto ulionituliza moyo, maji yake laini kama maziwa, kumbe kamera iliachwa wazi muda mrefu ili maji yapoteze umbo. Mzee aliyenitia huzuni, nusu ya uso wake gizani, kumbe aliketishwa tu kando ya dirisha na pazia likafungwa nusu. Nilichanganyikiwa, na nikichanganyikiwa huwa nakasirika. Kitu kimoja tu nilikipenda. Mwalimu alitufundisha kwamba ukitaka kujua mwanga wa picha umetoka wapi, anza na kivuli cha pua. Nilianza kutazama pua za watu sokoni, mpaka muuza nyanya mmoja akaniuliza kama nina shida naye.

Mwisho wa muhula kila mmoja alitakiwa kuleta picha moja kutoka kwao. Sikuwa na haja ya kufikiria. Nyumbani Bungoma, juu ya kabati la vyombo, kuna picha ya baba, ya rangi nyeusi na nyeupe, ndani ya fremu yenye kioo. Ni picha yake ya pekee. Alifariki kabla sijajua kutembea, kwa hiyo yote niliyokuwa nayo juu yake yalikuwa mle. Ameketi juu ya stuli, amevaa koti jeusi lililompwaya kidogo mabegani, mikono ameiweka magotini. Ni mikono mikubwa, vidole virefu, na kile cha mwisho kimepinda kuelekea nje.

Yangu iko hivyo hivyo. Shule ya msingi wasichana walinicheka ati nina mikono ya fundi wa mawe. Nilikuwa nikifika nyumbani napanda juu ya kiti, naweka kiganja changu kwenye kioo, kidole kwa kidole, na hasira inaisha. Siku moja shangazi yangu, dada yake baba, alinikuta nikifanya hivyo, akatangaza mbele ya wageni kwamba mikono hiyo nimeichukua kwa kaka yake. Mama alikuwa akipanga vikombe. Hakusema kitu, na mimi sikuliona hilo.

Basi nikaipiga ile picha kwa simu, nikaipeleka darasani, baba akatokea ukutani mkubwa kuliko mlango. Nikawasomea kurasa zangu mbili, nyingi zikiwa juu ya mikono. Niliandika kwamba ni mikono ya mtu aliyetulia, asiyekuwa na wasiwasi na dunia. Nilipomaliza, mwalimu aliniuliza, kwa upole, kivuli cha pua kimeangukia upande gani. Nikasema kulia. Na vivuli vya vifungo vya koti? Nikageuka kutazama. Vilikuwa kushoto. Na pale kwenye kola, kwa ukubwa ule, palikuwa na mstari mwembamba umezunguka shingo, ambao kwenye fremu haujawahi kuonekana.

"Hiyo ni kichwa ya ID, bana," mwenzetu mmoja akasema kutoka nyuma. "Wamebandika."

Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo liliniumiza zaidi.

Siku zilizofuata nilimkasirikia kila mtu, mwalimu, yule wa nyuma, hata pua yenyewe. Lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu. Kama ile mikono si ya baba, ni ya nani? Huenda nilikuwa nimeegemea kioo utoto wangu wote nikilinganisha vidole na dalali fulani wa ng'ombe aliyeingia studio siku hiyo. Na kama si yake, mimi na yeye tunafanana wapi? Uso wangu, kila mtu anajua, ni wa mama.

Jumamosi nikashuka Bungoma. Mama alikuwa ameketi mlangoni anaambua maharagwe. Miaka mingi alichambua majani ya tumbaku kule Malakisi, na sasa baridi yabisi imemvimbisha vifundo, vidole havinyooki tena. Nilikuwa nimejiambia nitamuuliza taratibu, lakini mimi si mtu wa taratibu. Nilimuuliza hata kabla sijaketi.

Hakushtuka. Alinieleza huku akiendelea kuambua. Baba hakupenda kamera, hakuacha picha yoyote ila ile ya kitambulisho. Alipofariki, ndugu zake walisema jeneza haliwezi kutoka bila picha ya kutangulizwa mbele, na wasingekubali kichwa peke yake kama mtu anayetafutwa na polisi. Studio ya mjini ilikuwa na kompyuta na ingeweza kuweka kichwa juu ya mwili wowote. Kijana wa studio alikuwa na mwili mmoja wa kila siku, mwanamume aliyevaa suti na tai ya mistari, ambaye tayari alikuwa amezikwa mara nyingi mjini. Mama akakataa. Ile tai alikuwa ameiona kwenye matanga mawili.

"Nilikuwa na koti ya baba yako kwa mfuko," alisema. "Nilikuwa napeleka mochari wamvalishe. Kijana akaniuliza, sasa mama, nani atavaa? Shemeji zangu wote walikuwa nyumbani wanachimba kaburi. Nikavaa mimi."

Nilimtazama, nikavitazama vile vidole vyake. Vilikuwa vimevimba na kupinda kila upande, lakini kile cha mwisho kilikuwa kimeelekea nje tangu zamani, kabla ya ugonjwa. Nimekula kutoka kwenye mikono hiyo miaka ishirini bila kuiona. Niliona aibu, tena aibu kubwa.

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza siku ile shangazi alipotangaza.

"Si ulikuwa unafurahia. Na ningesema nini, mama? Ati baba yako kutoka shingo kwenda chini ni mimi?"

Huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama mkwe wake. Tulicheka sote wawili, mpaka maharagwe yakamwagika. Kisha nikamwambia nilichoandika, kwamba hiyo ni mikono ya mtu asiye na wasiwasi. Akaacha kuambua.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa nimefinya magoti ndio mikono iache kutetemeka."

Nilikuwa nimekuja kumtafuta mtu mmoja nikapewa mwingine, na sikujua kama nimepoteza au nimepata. Bado sijui. Nilijikuta nikiuliza kama mtoto, kama baba amebaki uso tu.

"Na koti," mama akasema. "Koti ni yake. Nilitoka studio nikaivua, nikaenda nikamvalisha mwenyewe. Ilikuwa bado na joto yangu."

Hilo ndilo koti alilozikwa nalo.